Daftari Kabla ya Msiba

Mtu akifariki Usoke, kazi hujigawa. Jua halijazama, turubai limekwisha kufungwa uani, kamati imepata mwenyekiti na mweka hazina, na daftari la michango limefunguliwa ukurasa mpya. Vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Akina mama wanajua nani ana sufuria kubwa, nani atachota maji, nani atakesha na wafiwa. Kikundi cha kufa na kuzikana kinatoa fungu lake siku hiyohiyo. Walioko Kahama, Mpanda na Dar es Salaam wanapigiwa simu, nao wanatuma pesa kabla ya kulala. Watani wanafika na vituko vyao, wanashika majembe na kudai wapozwe kwanza, hata waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Hakuna anayefundishwa mambo haya, maana kila mmoja ameyaona tangu akiwa mtoto.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, marehemu huyohuyo alikuwa ameshika karatasi ya rufaa, na nauli ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ikakosekana. Aliambiwa avumilie mpaka tumbaku iuzwe. Pesa ilipopatikana, ugonjwa ulikuwa umeshatoka ulipoanzia na kusambaa.

Naamini kwa dhati kwamba kijiji kinachojua kuzika namna hii kina kila kitu kinachohitajika ili kuuguza. Kamati ipo, mweka hazina yupo, simu za ndugu zipo, nguvu za vijana zipo. Ninachoomba katika sura hii ni daftari lile lifunguliwe mapema, siku majibu ya kipimo cha kinyama yanapoonyesha saratani, wakati mwenye jina lililoandikwa juu ya ukurasa bado anaweza kulisoma.

Tuanze na njia yenyewe. Usoke ni kituo cha reli ya kati, magharibi mwa Tabora, baada ya Mabama na kabla ya Urambo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa ilifuata mkondo wa misafara iliyokuwa ikitembea kati ya Bagamoyo, Unyanyembe (eneo la Tabora) na Ujiji. Kabla ya hapo Mnyamwezi aliyeshuka pwani alitembea miezi miwili mpaka mitatu na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Hakutembea peke yake. Wapagazi waligawanyika katika makundi madogo ya watu waliopika chungu kimoja na kulala pamoja, na aliyepatwa na homa au kidonda aliwategemea hao kwanza. Alipofika mbali na kwao alikuwa na watani. Mzaramo alimtania na kumtukana, lakini utani huohuo ulimpa mgeni haki ya kuomba chakula na pa kulala, na kuzikwa kwa heshima kama angefia ugenini. Leo utani huo umebaki zaidi makaburini. Kwa mtazamo wangu sehemu iliyopotea ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote: mgonjwa wa safarini kuwa na mahali pa kufikia.

Kwa sababu mgonjwa wa saratani kutoka Usoke naye ni msafiri. Kituo cha afya kitamwona, hospitali ya wilaya Urambo itamwona, Hospitali ya Kitete mjini Tabora itamfanyia vipimo na pengine upasuaji. Lakini akihitaji mionzi, kwa kawaida atapelekwa kwenye mashine zilizoko Mwanza, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, au Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Ocean Road iko ufukweni, katika eneo la hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, na ilifanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Barabara inayopita mbele yake sasa inaitwa Barack Obama. Mtu anayefika pale mara ya kwanza kutoka misitu ya miombo anakutana na bahari, foleni na majina ya vyumba asivyovijua, vyote katika asubuhi moja.

Tuseme mgonjwa wetu ni mama wa miaka 46, mke wa mkulima, na ugonjwa wake ni saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Alianza kwa kutoka damu baada ya tendo la ndoa, akanyamaza. Kisha ukaja uchafu wenye harufu, akanyamaza tena. Sasa kinyama kimechukuliwa na majibu yametoka. Ikiwa ugonjwa haujasambaa mbali, utaratibu wa kawaida ni mionzi ya nje kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa wiki tano hivi, pamoja na dripu ya kemo mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani mara chache. Madaktari wanataka kazi yote hiyo imalizike ndani ya wiki nane. Sababu yake ni muhimu, na kila mwanaukoo aielewe. Mionzi huua seli za saratani kidogokidogo, na zile zinazosalia huanza tena kuzaliana. Mgonjwa akikatisha wiki mbili "nikaone watoto mara moja", zilizosalia zimepewa wiki mbili za kuongezeka.

Sasa weka ratiba hiyo juu ya kalenda ya Usoke. Kuanzia Januari mpaka Aprili tumbaku ya mvuke inachumwa na kukaushwa. Jani likiiva halingoji. Moto wa bani, yaani banda la kukaushia, unaangaliwa usiku na mchana, siku baada ya siku, na ukizidi au ukizimika majani yanaharibika, na pamoja nayo pesa ya shule na ya kulipa deni la mbolea kwenye chama cha ushirika (AMCOS). Katika nyumba nyingi mama ndiye anayechuma, anayefunga majani kwenye vijiti, anayepika na kuchota maji. Mwambie mama huyu akakae Mwanza wiki nane mwezi wa pili. Atakubali mbele ya daktari, kisha atatoroka wiki ya tatu. Wapo wanaowaita wagonjwa wa namna hii wakaidi. Mimi nasema alikwenda hospitalini na bani kichwani mwake, na hakuna aliyemtua.

Kikao cha ukoo kinachofaa, basi, huanzia kwenye bani, na habari ya pesa huja baadaye. Mume anamgeukia mdogo wake:

"Bamdogo, watoto hawa hawataweza kukesha na moto. Mwaka huu tukaushe kwako."

"Leteni majani, kaka. Ila kuni mkate ninyi, na kijana mmoja alale hapa kwangu."

Maneno mawili, na wiki tatu za mionzi zimeokolewa. Kisha shangazi anasema atahamia pale nyumbani mpaka wifi yake arudi, awasimamie wadogo wanaosoma. Jirani anachukua mbuzi. Mwenye pikipiki anaandikwa kwa safari za kwenda stendi na kituo cha reli. Yote yaingie kwenye daftari, jina na kazi, kama vile tunavyoandika shilingi. Mtu asiye na pesa, ambaye kwenye michango ya kawaida hujificha kwa aibu, hapa anapata mstari wake.

Damu nayo iandikwe. Mama anayetoka damu miezi mingi hufika hospitalini akiwa mweupe viganja, na uvimbe usiopata oksijeni ya kutosha huistahimili mionzi. Daktari anaweza kuagiza aongezewe chupa mbili tatu kabla ya kuanza. Vijana walioko Mwanza au Dar wachangie hukohuko. Walioko Usoke nao wasikae: Tabora ndiyo makao ya kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi, na siku atakapohitaji damu akiwa amerudi nyumbani, itatoka katika akiba waliyoijaza wao.

Anayeandamana na mgonjwa achaguliwe kwa makini. Mara nyingi sana mzigo huu hutupiwa binti mkubwa kwa kuwa hana mume bado, au kwa kuwa biashara yake ya genge inaonekana ndogo, na hakuna anayemwuliza. Anaacha genge, anaacha mpango wake wa kurudi shule, na miezi ikipita hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa na maisha yake. Mwuguzaji anafaa awe mtu anayesoma na kuandika, asiyeogopa kuuliza swali lilelile mara ya pili, na mwenye tumbo la kustahimili matapishi. Na apokewe. Wiki nne mmoja, wiki nne mwingine, tarehe ikiwa imewekwa tangu mwanzo ili wa kwanza ajue lini atapumzika. Posho yake itengwe mbali na ya mgonjwa, maana nimeona wanavyojinyima: mgonjwa anapata uji wa karanga na samaki, mwuguzaji anakunywa chai kavu na kusema ameshiba. Wiki ya tano naye anaanguka.

Awe na daftari lake dogo. Siku ya kwanza aulize mambo matatu na kuandika majibu: ugonjwa umefika hatua ya ngapi, tiba hii inalenga kuponya au kupunguza mateso, na ratiba inaishia lini. Familia nyingi hufika mwisho wa tiba bila kujua jibu la lile swali la pili, na kutojua huko huleta hasira na lawama zisizo na mwenyewe. Amwone pia ofisa ustawi wa jamii akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Sera ya afya imeiweka saratani miongoni mwa magonjwa yanayostahili msamaha, lakini msamaha wa hospitali haulipi daladala, chumba wala sahani ya wali, na hapo ndipo daftari la Usoke linapofanya kazi.

Jambo jingine dogo lenye nafuu kubwa: simu. Ndugu thelathini wakipiga kila jioni kuuliza "anaendeleaje?", mwuguzaji anarudia habari mbaya mara thelathini. Ukoo umteue mmoja Usoke, apige yeye saa moja usiku, kisha awaeleze wengine. Na atakayepiga aulize pia, "Na wewe umekula nini leo?"

Yuko mwingine ambaye ukoo humsahau kabisa, mwenyeji. Mgonjwa wa mionzi mara nyingi halazwi; anakwenda asubuhi na kurudi. Anafikia kwa mpwa aliyepanga chumba na sebule Mbagala au Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na watoto wa nyumba ile wanahamia sakafuni kwa wiki nane. Mpwa hawezi kukataa. Mgonjwa ni mama yake mdogo. Lakini gunia la mahindi, michembe na karanga vikipakiwa kutoka Usoke kwenda kwake, mama mdogo atakaa kwa amani, na mpwa hatachoka mapema. Hii ndiyo kazi iliyokuwa ya mtani wa zamani, na anayeifanya sasa anastahili kupewa nguvu.

Nikae kidogo kwenye homa, kwa kuwa hapa watu wanapotea. Wagonjwa wengi wa kemo, hasa wa matiti, hupata dripu zao kila baada ya siku 21, na katikati hurudi nyumbani. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu hushuka sana. Mwili hauna askari. Maambukizi madogo yanaweza kuua ndani ya siku moja au mbili, na mara nyingi dalili pekee huwa ni homa. Sasa tuko Tabora, mkoa wa malaria. Mtu akichemka, kila aliye pale ana jibu: kanunueni dawa mseto duka la dawa, mfunikeni, kesho ataamka. Kesho hiyo isisubiriwe. Mtu aliye kwenye kemo akifika nyuzi 38 apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na karatasi yake ya kemo ionyeshwe mlangoni kabla ya maneno mengine. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini dawa za kuua bakteria zisingojee. Familia inunue kipimajoto na kujifunza kukisoma kabla ya dripu ya kwanza. Kipimajoto hicho, na pikipiki iliyojazwa mafuta, ni msaada mkubwa kuliko katoni la soda tunazopeleka kumpa pole.

Kisha watakuja washauri. Mmoja atakataza nyama, mwingine sukari, wa tatu ataleta mizizi. Sina dharau kwa waganga wa Unyamwezini. Wazee wetu waliijua miti kwa majina na kwa kazi. Lakini kila mti wenye nguvu huchujwa na ini na figo zilezile zinazochuja kemo, na kuvichanganya bila daktari kujua ni hatari. Wengi tunakumbuka mwaka 2011, magari yalipojipanga kilomita kwa kilomita kuelekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Wapo waliotolewa wodini wapelekwe kule, na wapo waliofia kwenye foleni. Siwalaumu ndugu waliowabeba. Walitaka kufanya jambo, na hakuna aliyewapa jambo jingine la kufanya. Mtu aliyepewa bani la kuangalia, damu ya kuchangia na tarehe ya kupokea zamu hatafuti sana kikombe. Na mgonjwa ale anachoweza: uji, mayai, maharage, mlenda unaoteremka vizuri koo likiwa na vidonda. Asali yetu ni chakula kizuri, apewe kama chakula.

Mume wa mama huyu anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na huyo awe mwanamume mwenzake. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, jambo lililothibitishwa na Harald zur Hausen, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani, na kinaweza kukaa miaka mingi mwilini kimya. Kwa hiyo ugonjwa huu si ushahidi wa umalaya, wa mke wala wa mume. Hili lisiposemwa waziwazi, linasemwa chinichini kisimani, na mama analisikia. Mionzi yenyewe hukausha uke na huweza kumfungia hedhi mapema. Tendo la ndoa litabadilika, na manesi wana maelekezo yake ikiwa mtu ataulizia. Wanaume wengine huondoka wakati huu. Wengine wanabaki kitandani upande wa pili bila kugusa, wakiogopa kwamba saratani inaambukiza. Haiambukizi. Mshike mkono mkeo, mzee, yeye hakupata ukoma. Na hata wenye ukoma walistahili kushikwa.

Mabinti na wadogo zake waende kituo cha afya wakapimwe kwa siki, kipimo cha dakika chache. Tangu Aprili 2018 chanjo ya HPV inatolewa nchi nzima kwa wasichana, na siku hizi wanaanza wakiwa na miaka 9. Mama mwenyewe akilisema hili mezani, wanawe wanakwenda. Ndiyo maana napinga desturi ya kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Tunamwambia ni "uvimbe tu", naye anasoma bango la Ocean Road getini kama sisi. Anajua, na amebaki peke yake na anachokijua. Mwulizeni anataka kuelezwa kiasi gani, na nani awepo, kisha daktari amweleze.

Wengine hawatapona. Kwao kazi ya familia inabadilika, haiishi. Maumivu ya saratani yana dawa: mofini ya maji, inayopimwa kwa bomba la sindano na kunywewa kila baada ya saa nne, usiku dozi ikiongezwa kama daktari alivyoelekeza ili alale. Jirani zetu wa Uganda waliionyesha Afrika nzima njia tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Huko mofini inachanganywa kwa bei ndogo, na wauguzi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika. Kwetu pia ipo kwenye hospitali zinazotoa tiba shufaa. Kikwazo mara nyingi kiko nyumbani. Baba anaificha chupa kabatini kwa hofu kwamba mgonjwa atakuwa teja, anampa tu akipiga kelele. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa maumivu, kwa dozi aliyoandikiwa, kwa kawaida hawi teja. Anakaa, anaongea, anaagana. Apewe kwa saa, pamoja na dawa ya kulainisha choo, na chupa isiachwe ikaisha siku ya Ijumaa.

Na daktari akisema tiba ya kuponya imekwisha, ulizeni mapema kama bado anaweza kusafiri. Gharama ya kumrudisha Usoke akiwa amekaa kwenye kiti chake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kumrudisha kwenye jeneza, lakini sababu yangu ni nyingine: ana haki ya kuliona shamba lake na kusema nani alitunze.

Kwa wale wanaomaliza na kurudi, na wapo wengi zaidi wanapowahi, daftari lisifungwe siku ya shangwe. Kliniki inaendelea, kwa kawaida kila miezi mitatu katika miaka miwili ya mwanzo, na ni katika safari hizi ambazo hakuna tena anayezichangia ndipo ugonjwa unaorudi hupita bila kuonekana. Tarehe ya kadi inaweza kuangukia Novemba, miche inapotolewa kitaluni na mfuko hauna kitu. Mweka hazina aitenge nauli hiyo, ya mgonjwa na ya msindikizaji wake, wiki ile malipo ya tumbaku yanapoingia, na aandike pembeni nani atashika zamu ya kwenda naye.